Kadi Mbili za Ijumaa

Jumanne saa tatu asubuhi Odessa Tillery alikuwa kwenye cherehani yake, ghorofa ya tatu ya studio moja ya Mtaa wa Hamsini na Saba, akipunguza kiuno cha gauni la kijani la Adela Crowhurst. Karatasi ya vipimo iliyoletwa kutoka ofisini ilisema inchi ishirini na nne. Corinne Vandermeer, aliyekuwa akimwigiza Adela kwa miaka kumi na tisa, alikuwa na kiuno cha inchi ishirini na tisa, na Odessa alikijua kiuno hicho kuliko alivyokijua chake mwenyewe. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alifumua mshono, akabana pini tano, akasema peke yake, "Haya, na huyu wamemfikia."

Ndivyo habari zilivyokuwa zikitembea katika tamthilia za mchana pale New York. Mkataba wa mwigizaji ulikwenda wiki kumi na tatu kumi na tatu, na barua ya kumwachisha ilifika mwisho kabisa, ikiwa na maneno matamu. Fundi wa mavazi alikuwa ameshajua siku nyingi. Odessa alikuwa ameshona misiba ya namna hiyo tangu mwaka wa sitini na tatu, na hakuna hata mmoja aliouzoea.

Mtayarishaji mkuu alikuwa mpya. Aliitwa Gordon Strick, wa nne katika miaka sita, na alikuwa ametoka kwenye kipindi cha chemshabongo. Siku yake ya kwanza alibandua ukutani matangazo yote ya Bi Ardith Quill, mama aliyeiendesha tamthilia yao ya "Nyumba ya Crowhurst" kwa miaka kumi na mmoja mpaka moyo wake ukagoma. Tangazo moja, la mwandiko wa mkono, lilisema: Kadi moja kwa siku. Kamwe mbili. Strick alilitupa pamoja na kalenda kuukuu. Hakuuliza, na watu wa studio walikuwa wamechoka kuwaeleza wageni.

Kadi yenyewe ilikuwa hivi. Mwigizaji akibadilishwa, mtangazaji Burt Lindqvist alikaa ndani ya kibanda chake cha kioo, na kabla ya onyesho la kwanza alisoma sentensi moja: nafasi ya fulani, leo, inaigizwa na fulani. Akishasoma, mambo yote yaliyompata mhusika tangu mwanzo yalitoka kwa mwigizaji wa zamani yakaenda kwa mpya. Mwaka wa sabini na sita, mume wa tatu wa Adela alipobadilishwa, risasi ya begani ilihama vizuri tu, na yule bwana mpya mpaka leo akiumwa bega watu wa studio wanachukua miavuli. Yule wa zamani aliondoka akirusha mikono yote miwili, akawa mwalimu wa kuogelea. Kila mtu aliona ni sawa.

Corinne alikuwa na vitu vitatu vya Adela. Alikuwa na kovu la moto wa hoteli, kutoka sikio la kushoto mpaka shingoni, ambalo halikuwa la rangi na halikutoka kwa maji. Alichechemea kwa sababu ya ajali ya treni. Na alikuwa na Posy.

Posy Crowhurst, binti wa Adela, alizama kwenye barafu ya ziwa mwezi wa pili mwaka wa sabini na moja, akiwa na miaka sita. Yule mtoto aliyemwigiza alivua koti, akalipwa, akakua, akaolewa na daktari wa meno huko Ohio, na anaendelea vizuri. Lakini kesho yake, saa kumi na moja jioni, Posy mwenyewe aliingia katika chumba cha Corinne, viatu vikichuruzika maji, akakaa juu ya bomba la joto linalopasha chumba, chini ya dirisha, akaanza kufanya hesabu zake. Alikuja hivyo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na miwili. Alikaa nusu saa. Odessa alimtandikia taulo. Corinne, ambaye hakujaliwa mtoto na ambaye mume wake alikwenda zake kitambo, alimsomesha jedwali la saba, na walikuwa wamefika saba mara nane.

Mchana wa Jumanne ile Corinne alikuja kujaribu gauni. Aliliona likining'inia, akaona pini, akakaa.

"Inchi ngapi?" aliuliza.

"Ishirini na nne."

"Mtoto wa shule."

"Ana miaka ishirini na tisa. Anaitwa Shawna Peake. Amepita hapa asubuhi hii kusalimia, na adabu anayo, siwezi kumsingizia."

Corinne alilishika pindo la gauni. Hakulia. Alikuwa amelia mbele ya watu milioni saba kila wiki, na machozi yake mwenyewe aliyaweka.

"Kovu achukue," alisema. "Mguu achukue, tena namshukuru. Lakini Posy, Odessa. Mwenzangu, mimi sina mtoto mwingine."

Odessa alimpa mkono, na Corinne akaushika kwa nguvu mpaka pete ikamwumiza.

Jumatano wakati wa chakula cha mchana Burt alipanda chumba cha mavazi, walikokuwa Odessa na Corinne, na sandwichi yake ya nyama ya chumvi na bahasha. Alikuwa mzee wa Kiswidi kutoka Brooklyn, mwenye sauti nzito inayotetemesha vioo, na nje ya kibanda aliongea kwa kunong'ona ili asiichakaze. Alitoa kadi mbili akaziweka mezani kati ya vifungo.

"Someni wenyewe," alinong'ona.

Ya kwanza ilikuwa ya Adela. Ya pili ilisema nafasi ya Posy Crowhurst, Ijumaa hiyohiyo, itaigizwa na Tamsin Roark. Strick alikuwa ameamua kumrudisha Posy. Hakuzama, kumbe, aliokotwa na mvuvi, akapoteza kumbukumbu, akalelewa Kanada, na sasa anarudi nyumbani ana miaka ishirini na mmoja na nywele za kutosha.

"Amehesabu vibaya," alisema Odessa. "Angekuwa na kumi na minane."

"Kanada watu hukua haraka," alisema Burt. "Si hilo. Tazameni tarehe. Zote Ijumaa. Anataka kumaliza kazi mara moja."

"Ikisomwa moja, Posy anakwenda kwa Shawna," alisema Corinne taratibu. "Zikisomwa mbili?"

"Hapo ndipo sijui. Mama akihama siku moja na mtoto naye akahama, yule mtoto anayeachwa nyuma hana wa kumfuata. Bi Quill aliniambia ilishafanyika mara moja, redioni, mwaka wa arobaini na saba. Wakati ule mwenyewe alikuwa mwigizaji, na alikuwa na mtoto wa kiume pale, wa namna hii ya Posy."

"Alikwenda wapi?"

"Nilimwuliza. Akanywa chai yake, akaandika lile tangazo."

Burt alisema angeweza kwenda kwa Strick na kumweleza, na Strick angesogeza kadi ya pili hadi wiki ijayo, maana mkaidi hakuwa, alikuwa mgeni tu. Hapo Posy angekuwa salama. Angekaa juu ya bomba lilelile, katika chumba kilekile, akimwita Shawna mama mpaka siku ya kadi yake mwenyewe. Au wanyamaze, na liwe liwalo.

"Nipe mpaka kesho," alisema Corinne. "Sitaamua bila kumwuliza Posy mwenyewe."

Alhamisi saa kumi na moja Posy aliingia, akapanda juu ya bomba, akafungua daftari. Odessa alikuwa akifunga mikanda kwenye masanduku na hakutoka, kwa kuwa hakuna aliyemwambia atoke.

"Posy," alisema Corinne, "kesho kuna mkubwa anakuja kuwa wewe."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Mkubwa wa kuvaa viatu virefu."

Mtoto alifikiri. "Nami nitakuwa nani?"

"Sijui, mama. Huenda ukakaa hapa na mama mwingine, mwema. Huenda tukaondoka, mimi na wewe. Na huenda usiwepo kabisa. Sitaki kukudanganya."

"Saba mara tisa ni sitini na tatu," alisema Posy. "Nimejua mwenyewe jana." Kisha akatazama mlango, ambao katika miaka yote ile hakuwahi kuutumia kutokea, nusu saa ikiisha alikuwa hayupo, basi. "Mimi njia ya kutoka siijui. Utanishika mkono?"

Corinne alisema atamshika. Odessa aliinama kwenye sanduku lake akakaa humo muda mrefu kuliko mikanda ilivyohitaji.

Asubuhi ya Ijumaa Strick alipitia chumba cha mavazi, amepiga suti mpya, mchangamfu, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya.

"Mama Odessa, wewe ndiye mkongwe hapa. Kuna jambo lolote natakiwa kulijua kabla hatujaanza?"

Odessa alikuwa na pini sita mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wake.

"Hakuna, bosi," alisema. "Kila kitu kimekaa sawa."

Shawna Peake alisimama sebuleni kwa akina Crowhurst ndani ya gauni la kijani. Tamsin Roark alikuwa nyuma ya mlango wa seti na sanduku la safari. Corinne alikuja, kama ilivyokuwa desturi, akasimama nje ya taa, na kando yake, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na si saa yake, alisimama Posy akichuruzika maji. Wapiga picha walivua vipokea sauti vya masikioni. Mafundi wa taa walishuka ngazi wakavua kofia. Hili hawakuagizwa na mtu; walifanya hivyo kila kadi ilipokuwa ikisomwa.

Burt alisoma ya kwanza. Sauti yake ilipita katika mbao za sakafu, na Odessa, aliyekuwa ameyaona haya mara thelathini, alisisimka mwili mzima kama mara ya kwanza. Kovu liliachia shingo ya Corinne. Lilivuka hewani bila haraka, jepesi, likapita katika mwanga wa taa, nao waliokuwa karibu walirudi nyuma hatua moja kulipisha. Likatua juu ya shingo ya Shawna. Mguu wake ukalegea. Kisha ukamjia uzito wa miaka kumi na tisa, waume wawili waliozikwa, hoteli iliyoungua, ziwa, na yule msichana ambaye dakika moja kabla alikuwa akitafuna peremende akawa ana macho ya mtu aliyezika. Odessa aliona machozi yakimtoka mwenyewe. Alisema moyoni, Mungu wangu, ni kitu kikubwa hiki, na sisi tunakifanya kati ya matangazo ya sabuni.

Posy alianza kuinua mguu kuelekea kwenye taa, kwa Shawna.

Burt hakuvuta pumzi. Akasoma ya pili.

Maji yalitoka. Yalitoka kwenye viatu vya mtoto, kwenye soksi, kwenye nywele zilizokuwa na barafu ya mwaka wa sabini na moja, yakatiririka sakafuni kama kamba moja, yakapita chini ya mlango wa seti. Nyuma ya mlango Tamsin Roark alikohoa. Mtoto alisimama na mguu mmoja juu, mkavu kabisa, akiangalia huku na huku. Kupitia sehemu ya mwili wake ukuta ulikuwa umeanza kuonekana. Odessa aliona rangi ya ukuta kupitia bega la mtoto.

Corinne alimshika mkono.

Alimshika kama mtu anavyomshika mtoto wakati wa kuvuka barabara, bila kumtazama, na bega likarudi. Mtoto akateremsha mguu chini.

"Tunaanza," alisema Strick kupitia spika. "Na yule mtoto atolewe tafadhali, hayumo kwenye orodha."

"Anatoka," alisema Odessa.

Aliwabebea mkoba mpaka chini. Corinne alishuka ngazi wima, shingo nyororo, na mtoto alizihesabu kwa sauti kwa sababu hakuwa amewahi kuona ngazi. Nje, kwenye ukingo wa barabara, walisimama mashabiki wa kila Ijumaa, na mbele yao Bi Gladys Pruitt kutoka Hoboken, aliyemletea Adela keki kila mwaka tangu mwaka wa sitini na tano na ambaye alishamlilia kanisani kwa jina. Mikononi alikuwa na keki. Alimtazama Corinne usoni, karibu kabisa, kwa adabu.

"Samahani, dada. Adela bado yuko ndani?"

Corinne aliisoma keki. Ilikuwa imeandikwa jina la Adela vizuri, kwa sukari ya waridi.

"Yuko ndani," alisema. "Anachelewa kidogo leo, mguu unamsumbua. Mpe pole."

"Maskini. Nitampa." Bi Pruitt alimtazama mtoto. "Na huyu mrembo anaitwa nani?"

Mtoto aliinua uso kumtazama Corinne. Corinne alifungua mdomo kusema Posy, akakumbuka kwamba jina hilo limebaki ndani. Mlinzi alikuwa anaita kutoka ndani: Adela mpya alikuwa analia sebuleni, hanyamazi, anauliza ni nani aliyetakiwa awe amekaa juu ya bomba la joto, na nani aje amfunge vifungo.

"Bado hatujampa jina," alisema Corinne, akamvusha barabara.

Odessa alipanda kwenda kufunga vifungo.