Ukuta Usiofika Juu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vile vigingi vya mbao. Fundi seremala alikuwa anavipigilia ukutani, safu imenyooka vizuri, lakini chini mno, karibu na magoti yangu. Nilisimama mlangoni mwa stoo na ufagio wangu, nikajisemea moyoni, huyu mzee leo kaamkaje? Sikumwuliza. Mimi si mtu wa kuuliza, ndiyo maana pale shuleni ninapofagia wananiita Kimya.

"Unanitazama kama mwizi," akasema bila kugeuka. "Hivi ni vya kutundikia mikoba. Na wenye mikoba yenyewe bado wanatembea kama bata."

Basi ni kweli! Mkutano wa wazazi ulikuwa umeshapitisha jambo hili la watoto, ila maneno ya mikutano tumeyazoea. Kigingi kikishaingia ukutani, hayo si maneno tena.

Shule yetu ni ndogo na iko mbali na barabara kubwa. Darasa la awali lilikuwa moja tu, la watoto wa miaka sita, nao walirudi nyumbani mapema. Wadogo zaidi hawakuwa na mahali pao. Mama akienda shamba, mtoto anabaki na dada yake, na dada akija shule anakuja naye mgongoni. Katika darasa la sita wasichana hao walikuwa na benchi lao karibu na mlango. Mtoto akilia, dada anatoka naye. Akinyamaza, dada anarudi, anakuta hesabu imeshafutwa ubaoni.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyesema imetosha. Stoo ya madawati mabovu iwe chumba cha watoto. Awali ianze kupokea wa miaka mitatu, na wale wachanga walelewe hapo hapo mpaka kengele ya mwisho. Afisa elimu akakubali, lakini kwa majaribio: atakuja Ijumaa ya wiki ya kwanza, aone kama kweli wasichana wanabaki darasani. Wakibaki, chumba kitaendelea. Wasipobaki, madawati mabovu yatarudi kwao.

"Na wewe, Kimya," Mwalimu Mkuu akaniambia, "weka ufagio chini. Utamsaidia mwalimu wa awali. Watoto wanakufuata kama vifaranga, nimekuona."

Nikaitikia kwa kichwa tu. Ningefungua mdomo ningepiga kigelegele, fundi akajigonga kidole.

Wiki ile ya maandalizi sikulala vizuri kwa furaha. Tulipaka chokaa, tukaosha madirisha, tukashona mifuko ya vigodoro vya sponji. Mwalimu wa awali ni dada kijana anayecheka kabla hajamaliza utani wake. Alipopanga vyungu vya kujisaidia watoto, alirudi nyuma akavitazama, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Karibuni waheshimiwa, viti vyenu tayari."

Stoo ile imepakana na darasa la sita. Sote tulifurahia jambo hilo, na kwenye mkutano watu walipiga makofi: dada awe karibu na mdogo wake, roho yake itulie. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho kuutazama ule ukuta wa katikati. Unaishia juu kidogo ya mlango. Kutoka hapo mpaka kwenye mabati ni wazi.

Jumatatu wakaja. Wengine wameshikwa mkono, wengine wamebebwa, mmoja kavaa viatu vipya na hataki kukanyaga chini asije akavichafua. Chiriku akaja na Kibonge mgongoni. Chiriku ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo mimi ni mama yake mdogo. Jina hilo alilipata kwa mdomo wake. Kibonge ni mdogo wake, na jina lake halihitaji maelezo.

"Mama mdogo, huyu akilia usimpe maji kwanza, mpigepige mgongo. Akikataa, mwimbie. Akikataa tena..."

"Nenda darasani wewe!" mwalimu wa awali akamwambia. "Kwani mama yako mdogo hajui kubeba mtoto?"

"Anajua kubeba watoto. Huyu ni gunia."

Akaenda. Kengele ikalia, chumba chetu kikajaa, na mimi nilikuwa na mtoto kwenye kila goti, moyo unanidunda kama nimepanda jukwaani.

Kisha mmoja akalia.

Wasichana hawa wanajua sauti za wadogo zao kama unavyojua hatua za mama yako gizani. Ng'ambo ya ukuta tukasikia benchi likilia kwiii, na dada mtu huyo mlangoni, mikono mbele. Watoto wengine walipomwona dada wa mwenzao, kila mmoja akamkumbuka wa kwake. Kilio kikawa cha chumba kizima. Kufika saa ya mapumziko, wasichana wote wa darasa la sita walikuwa kwetu, wamekaa kwenye vigodoro, wanabembeleza.

Mwalimu wa darasa la sita akatokeza na chaki mkononi.

"Samahani, kuna mtu ameliona darasa langu?"

Tukacheka mpaka machozi. Jumanne tukacheka kidogo. Alhamisi Mwalimu Mkuu aliwakusanya wasichana uwanjani, na yeye hakuwa anacheka.

"Kesho mgeni anakuja. Akiwakuta huku, chumba hiki ni stoo tena. Mmenielewa?"

Wakaapa. Chiriku aliapa kuliko wote.

Mimi nilijua kwamba kiapo hakitatosha, kwa sababu na mimi nilikuwa sehemu ya tatizo. Dada akija mlangoni, mikono yangu ilimpa mtoto yenyewe, kabla sijafikiri.

"Unawapa mno, Kimya," mwalimu wa awali aliniambia tukipanga vigodoro.

"Wanalia."

"Wanalia kwa sababu wanajua utawapa. Na hao dada wanakuja kwa sababu hakuna anayewakatalia."

Ijumaa afisa elimu akafika, mama mnene mwenye miwani na sauti ya taratibu. Akasalimia kila mtu, mpaka watoto, kisha akaenda kukaa darasa la sita, kwenye benchi lile lile la karibu na mlango. Mwalimu wa awali akaniangalia. Nikamwangalia. Tukaanza kutembea kwa ncha za vidole, utadhani chumba kizima kina homa.

Asubuhi ikaenda vizuri. Vizuri sana! Walikula, wakacheza, wakalala. Kisha Kibonge akajigeuza usingizini, paji la uso likagonga beseni, na kilio alichotoa hakikuwa na haja ya ukuta mfupi. Hata ukuta mrefu ungekipitisha.

Kwiii.

Nilikuwa nimemwinua, nimefika naye mlangoni, na Chiriku huyo hapo, anahema. Nyuma yake wengine wameanza kutoka.

"Nipe!"

Mikono yangu ikaanza kumnyoosha Kibonge mbele, kama kawaida. Ndipo nikaona vidole vya Chiriku. Vilikuwa vyeupe kwa chaki. Alikuwa ubaoni. Aliitwa kufanya hesabu mbele ya mgeni, akaiacha katikati.

Nikamrudisha Kibonge kifuani.

"Sikupi."

"Mama mdogo, analia!"

"Namsikia. Ninaye mimi." Na kwa kuwa Kibonge alikuwa anapiga mayowe sikioni mwangu, ilibidi nami nipaze sauti. "Rudi ubaoni, mwanangu! Na ninyi wote, rudini mkakae! Wadogo zenu tunao sisi, hakuna atakayepotea!"

Sauti ile ilipanda, ikavuka ukuta, ikagonga mabati. Hata Kibonge alinyamaza kidogo, mdomo wazi, ananitazama kana kwamba anauliza huyu ni nani. Kisha akaendelea.

Chiriku akauma mdomo. Akageuka, akarudi.

Nikatembea na Kibonge, dirishani mpaka ukutani, nikimpigapiga mgongo. Alilia sana. Ng'ambo mabenchi yalilia pia, watu wanajigeuzageuza, lakini hakuna aliyetoka. Mwishowe sauti yake ikakauka, akalaza kichwa chake kizito begani kwangu. Ndipo nikaisikia chaki ubaoni. Inakwaruza, inasimama, inakwaruza tena.

"Sawasawa!" akasema mwalimu wao. "Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Na upande wetu watoto, bila kujua ni makofi ya nini, wakapiga nao.

Afisa alipokuja kwetu aliuliza, "Nani aliyepaza sauti vile?"

Mwalimu wa awali akanionyesha kwa kidevu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Endelea hivyo hivyo, binti. Chumba kinabaki. Ila ukuta huo umalizieni juu, nimesikia hata anayepiga chafya. Na muhula ujao tafuteni chumba cha pili, hiki kimeshajaa."

Alipoondoka, mwalimu wa awali alinishika mikono tukazunguka naye kati ya vigodoro, watoto nao wakatufuata wakizunguka mpaka wakaanguka.

Jioni tulirudi nyumbani pamoja, mimi nimembeba Kibonge, Chiriku kabeba daftari zake tu, anarukaruka.

"Mama mdogo, umenifokea mbele ya afisa!"

"Nimekufokea."

"Sauti yote ile ulikuwa umeificha wapi?"

"Hata mimi sijui."

Akacheka. Kisha akaacha kurukaruka.

"Leo mbona hukunipa?"

Nyumbani inajulikana kwamba niliacha shule darasa la tano kwa sababu sikuipenda. Sijui nani alianza kusema hivyo. Mimi sikuwahi kukataa.

"Nilikuwa na mtoto mgongoni," nikamwambia. "Ulikuwa wewe, na mapafu yako hayo hayo. Nilikuwa nasimama nje ya dirisha, nautazama ubao. Shule niliipenda, mwanangu. Kila siku nilingoja mtu mzima mmoja atoke aniambie, lete mtoto, wewe ingia. Ningempa, nikaingia mbio."