Vidole Vinne Juu ya Sakafu

Asubuhi ya dansi ya waoka mikate, Bibi Leopoldine Navratil alijifunga brashi miguuni, moja kila mguu, akaanza kung'arisha sakafu ya mbao ya ukumbi wa Ottakring, mtaa wa Vienna. Kazi hiyo mikono haiiwezi. Mtu husugua kwa kuzunguka, moja-mbili-tatu, na kwa miaka ishirini na miwili Leopoldine alikuwa amezunguka hivyo, kulia na kushoto, hadi Vienna nzima hapakuwa na wa kumshinda kwa walzi, dansi ya kuzunguka kwa hatua tatu. Kuicheza na watu, hajawahi. Kanuni ya saba, iliyotundikwa mlangoni ndani ya kioo, ilisema mfanyakazi haruhusiwi kukanyaga sakafu neno likishatamkwa.

Neno lenyewe ni "Wote walzi!" Kabla ya hapo hachezi hata mwenye ukumbi. Likishatamkwa, hata mwenye jongo la miguu huinuka.

"Mwaka huu nacheza," Leopoldine alimwambia Jovanka, mtunza makoti.

"Na kanuni ya saba, shoga?"

"Imekataza kukanyaga."

"Kwa hiyo utaruka kama kuku?"

Leopoldine aliendelea kusugua. Saa nne na robo, alipogeuka kushoto, sakafu ilimwachia. Alibaki upana wa vidole vinne juu yake, brashi zikizunguka hewani.

"Shuka, pembe ile hujaigusa," alisema Jovanka.

Akashuka, akaimaliza.

Jioni neno lilitamkwa, ukumbi ukajaa magauni. Baadaye ikaja zamu ya wanawake kuchagua, ambapo mwanamume akichaguliwa hakatai, labda awe amehama mji. Leopoldine aliingia na gauni la kijani la marehemu mama yake, vidole vinne juu ya sakafu, akanyoosha moja kwa moja kwa Mheshimiwa Zwettler, mwenyekiti wa ukumbi, aliyeiandika kanuni ya saba kwa mkono wake.

"Mheshimiwa, nakuchagua wewe."

"Bibi Navratil! Ile kanuni mlangoni huioni?"

"Kioo chake nakifuta kila Ijumaa. Pima."

Mwoka keki mmoja alitoa rula aliyozoea kupimia tabaka. Zwettler akachuchumaa, akaipitisha chini ya viatu vya Leopoldine, kwenda na kurudi. Haikugusa kitu.

"Sentimita saba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa kahawa baridi.

Wakacheza. Leopoldine alimgeuza kushoto, tena kushoto, mwenyekiti akitweta na visigino vikilia kwenye mbao.

"Samahani, nisije nikakukanyaga," alisema Zwettler.

"Cheza tu, mheshimiwa. Leo vidole vyangu huvifikii."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, mlangoni palikuwa na karatasi mpya. Wafanyakazi wasiogusa sakafu wataruhusiwa kucheza, ilisema, mradi waingie kwa mlango wa makaa, ule wa kuingizia mkaa wa jiko, na wawe wamekwisha kung'arisha. Sahihi, Zwettler.

"Mlango wa makaa! Na gauni lile la mama?" aliuliza Jovanka.

"Nitalikunja mkononi, nivae ndani. Mwakani namchagua tena."

Sakafuni, kati ya alama za wachezaji wawili wawili, mikwaruzo ya visigino vya mwanamume mmoja ilizunguka ukumbi mzima, ikigeuka kushoto, bila alama ya mwenzake. Leopoldine alijifunga brashi, akaifuata, moja-mbili-tatu, mpaka wa mwisho ukafutika.