Sakafu Yenye Masikio

"Yule dada anayeburuta mguu wa kushoto," Khoa aliuliza huku akikunja waya, "Jumapili hakuja. Ni mzima?"

Tumsifu alikuwa ameshika funguo za kanisa. Kijana huyu hajawahi kuhudhuria ibada yao hata moja. Huja Jumatatu, jengo likiwa tupu, anainama kwenye visanduku vyake kisha anaondoka. Noela hajawahi kumwona. Sasa habari za mguu wa Noela amezitoa wapi?

"Tuko wengi," alijibu. "Wengine husafiri."

"Ah, sawa," Khoa alisema, akatabasamu. Tabasamu lile Tumsifu alikwenda nalo mpaka nyumbani, na kila alivyolitafakari ndivyo lilivyozidi kumtisha.

Kanisa lao liko Brooklyn Center, kitongoji cha Minneapolis huko Marekani, katika jengo lililokuwa ghala la mazulia. Ukumbi wa ibada uko ghorofani. Mapambio yakikolea, watu wakaanza kuruka, taa za chini hucheza kama zina homa. Mchungaji Ambakisye aliliona hilo akaanza kukosa usingizi. Ndipo mtu mmoja akamletea Khoa, Mvietnamu anayesomea uzamivu wa uhandisi, ambaye utafiti wake ni juu ya sakafu zinazotikisika chini ya miguu ya watu. Alikubali kuipima bure. Alibandika sakafuni, kando ya kuta, visanduku vya kijivu vya kunasa mitikisiko, vyenye ukubwa wa kipande cha sabuni, akasema vitakaa hadi Pasaka.

Bure. Tumsifu hakulipenda neno hilo tangu siku ya kwanza.

Noela ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao kule Meru. Mguu uliumia utotoni. Karatasi zake za kuishi Marekani bado ziko mahakamani, na siku hizi kila wiki husikika kwamba mtu fulani amechukuliwa na maafisa wa uhamiaji kazini, au kituo cha basi, au mlangoni pake. Noela alikuwa ameacha kwenda dukani. Safari iliyobaki ni ya kanisani tu. Alikuwa akitangulia kabla ya wote, anapanga viti akiimba peke yake. Jumapili ile moja alizuiwa na mafua.

"Mafua yameisha," Noela alisema Jumamosi iliyofuata asubuhi. "Kesho naenda."

"Huendi."

"Dada!"

"Utakaa humu mpaka nijue."

"Ujue nini? Mimi nitazeeka nyuma ya hilo pazia ulilolifunga. Hata majirani watadhani umeninunua pamoja na samani."

Tumsifu hakucheka. Aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza Mungu jambo lote kama mtu anayeripoti polisi. Kisha akampigia Mchungaji.

"Vile visanduku vinasikiliza, Mchungaji."

"Vinasikiliza sakafu, mama."

"Basi sakafu imemwambia habari za Noela."

"Labda kuna mshirika aliyemdokeza."

"Nani?"

"Sijui. Tuombe."

"Kuomba nimeomba, Mchungaji. Imebaki kuuliza."

Mchungaji alicheka bila kupenda. Akamwambia kwamba Khoa na wenzake kutoka Vietnam hula pamoja kila Jumamosi mchana, kwenye mgahawa wa supu mtaa wa Frogtown, Saint Paul, karibu na kituo cha treni.

Tumsifu alipanda basi hadi Minneapolis, akaingia treni ya Green Line kuelekea Saint Paul. Njia nzima alifumba macho akiomba, lakini mkoba ameukumbatia. Alipofika hakuingia mara moja. Alisimama nje kwenye theluji iliyochafuka, akachungulia kiooni. Khoa alikuwa na wenzake watatu, mabakuli yanafuka moshi, na katikati ya mabakuli kulikuwa na kompyuta. Kwenye kompyuta palikuwa na mchoro. Tumsifu aliujua mchoro ule: ngazi hapa, madhabahu pale, ngoma kwenye kona. Kanisa lao limelazwa mezani kama samaki.

Akasukuma mlango.

Khoa alishtuka, akasimama, akampa kiti. Akawatambulisha wenzake kwa heshima, kama wafanyavyo watu waliolelewa vizuri. Mmoja anatengeneza bandeji za vidonda kutokana na maganda ya kamba wa baharini. Mwingine anatafuta mbegu ya mpunga isiyokufa kwa maji ya chumvi, maana bahari inaingia mashambani kwao. Wa tatu, mwanamke mnyamavu aitwaye Hanh, anachunguza hatua za wazee ili ijulikane nani yuko karibu kuanguka kabla hajaanguka.

Tumsifu aliwasikiliza kama mtu anayesifiwa kitambaa na mwenye duka. Vidonda, njaa, wazee. Wema wote huo juu ya meza moja! Ulizidi kumtia shaka.

"Kazi njema," alisema. "Na kanisa letu linafanya nini katikati ya supu?"

Khoa aliinamisha kichwa. Kisha akageuza kompyuta upande wa Tumsifu. Chini ya mchoro palikuwa na mstari uliopanda na kushuka.

"Huyu ni mtu mmoja," alisema. "Huingia kabla ya wengine. Tazama: hatua nzito, kisha mburuzo. Nzito, mburuzo. Wengine wakiingia anapotea, lakini akiwa peke yake anaonekana wazi. Sikujua maana yake, nikamwonyesha Hanh. Yeye ndiye aliyesema ni mguu wa kushoto, na huenda ni mwanamke. Alipokosekana nikaogopa ameanguka mahali. Ndiyo maana nilikuuliza."

Tumsifu aliutazama mstari. Hauna uso wala jina, na bado alimwona mdogo wake akipita na viti. Hakuna aliyewasaliti. Hakuna aliyesikiliza maneno. Na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu mdomo mtu anaweza kuufunga. Miguu ataifanyaje?

"Nani mwingine ameona?"

"Sisi. Na iko kwenye kompyuta za chuo."

"Na serikali ikija kuiomba?"

Hanh aliweka vijiti vyake chini. "Mama, hata sisi tuko hapa kwa viza," alisema taratibu. "Nami nikigongewa mlango siku hizi, sifungui upesi."

"Sikukuuliza mlango wako. Nimeuliza serikali."

"Siwezi kukuahidi," Khoa alisema. "Wakija na amri ya jaji, chuo ndicho kitakachoamua, si mimi. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Tumsifu alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli ulimkuta hana ngao.

"Basi vitoe."

"Nitavitoa ukitaka. Lakini kona ya ngoma inanitia wasiwasi. Nahitaji Jumapili chache zaidi kujua kama sakafu ile inawabeba."

Hayo ndiyo maneno ambayo angeyasema mtu asiyetaka vitolewe, Tumsifu aliwaza. Ndiyo maneno ambayo angeyasema mtu mwaminifu pia. Alifumba macho pale pale, mbele ya mabakuli, midomo ikicheza. Wale wanne walisubiri. Mwenye mpunga aliacha hata kutafuna.

Alipofumbua aliuliza, "Je, kanisa zima likiingia pamoja, na wote wanaburuta mguu?"

Khoa alimtazama Hanh. Hanh akaanza kutabasamu. "Hata mashine yangu haitamjua mtu," alisema.

"Na sakafu utaipima?"

"Sakafu haijali mguu upi," Khoa alisema. "Inajali uzito na mdundo."

"Na rekodi hii ya zamani?"

"Hatua za mtu mmoja sizihitaji. Nitaifuta, hapa na kwenye kompyuta za chuo."

"Ifute nikiona."

Aliifuta. Hanh aliguna kidogo, kama mtu anayeona chakula kizuri kikimwagwa. Mstari ukatoweka.

"Na nakala?"

"Hakuna, mama."

Tumsifu alikipokea kile "hakuna" kama noti inayotakiwa kuinuliwa kwenye mwanga. Akakataa supu, akawashukuru, akaondoka.

Jioni ile aliwaambia wawili tu, Mchungaji na Christina, kiongozi wa kwaya. Christina alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Yaani kanisa zima lichechemee?"

"Ndiyo."

"Wazee wa kanisa nao?"

"Wao nusu yao tayari," Mchungaji alisema. "Waambie ni mtindo mpya wa kuingilia. Na ngoma zihame ile kona."

Asubuhi ya Jumapili Tumsifu alimleta Noela kwa gari la kukodi mpaka mlangoni. Washirika walikuwa wamejipanga chini ya ngazi, wawili wawili, na Christina mbele yao anawafundisha: kanyaga, buruta, kanyaga, buruta. Mguu wa kushoto. Watoto wanajiangusha kwa kicheko.

Noela alisimama. Uso ukambadilika.

"Ndiyo maana ulinificha?" alisema kwa sauti ndogo. "Mlikuwa mnajifunza kunicheka?"

Tumsifu alimshika mabega, akamvuta karibu, akamnong'oneza yote: visanduku, mstari, mgahawa, amri ya jaji. Noela alisikiliza akiwa ameangalia miguu ya watu. Mzee mmoja alikuwa akiburuta kwa bidii hadi jasho linamtoka, na bado anakosea.

"Wote wanajua?"

"Hawajui. Wanajua ni mtindo."

Noela alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alitazama tena. Kisha akapita katikati ya watu, nzito, mburuzo, nzito, mburuzo, mpaka mbele.

"Dada Christina, samahani, unawapotosha," alisema. "Mguu hauinuliwi hivyo. Nyonga ndiyo inayoanza. Mguu unafuata tu, kama umebembelezwa. Nitazameni."

Wakamtazama. Ngoma ikaanza juu, na kanisa zima likapanda ngazi nyuma yake. Tumsifu alikuwa wa mwisho. Kila alipopita kisanduku aliburuta mguu wake kwa nguvu zaidi, na hakukiondolea macho.