Firigisi ya Katibu

Mbuni hana meno, na hilo mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia Jilala, tena nikicheka. "Sasa anatafunaje?" akauliza. Nikamweleza kwamba humeza mawe madogo, yakakaa kwenye firigisi na kusaga majani na mahindi. Usipompa mawe, chakula kinamkalia tumboni hadi anakufa ameshiba. Nikampa ndoo akaniletee kokoto za mtoni.

Jilala ni mdogo wangu wa mwisho, tumenyonya ziwa moja. Alirudi hapa Ushirombo kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Geita, akiwa na kikohozi na shati la kuazima. Watu wakaniambia, "Angalia, mchimba dhahabu hafugi." Nikawajibu kwamba damu ni nzito kuliko maji. Kumbe methali nazo zina siku zake za kudanganya.

Nilikuwa na mbuni watatu, na kibali cha kuwafuga nimekitundika sebuleni. Majike wawili wa kijivu, na dume mweusi niliyemwita Katibu, maana alizunguka uzio asubuhi na jioni, shingo juu, akikagua mambo yasiyomhusu.

Katibu hakuwa na mchezo. Teke la mbuni huenda mbele, na ukucha wake unaweza kumpasua mtu tumbo. Mgeni akisogea uzioni alikuwa anajitafutia balaa. Aliyemzoea ni mimi peke yangu, halafu, kwa jasho langu, akamzoea Jilala. Nilimfundisha kusimama pembeni akiwa na mahindi kiganjani, asiwe na haraka. Nikamwonyesha na siri ya soksi. Unaikata ncha ili mdomo utokeze, unamvika mbuni kichwani, na akishafunikwa macho ukali wote unakwisha. Unamshika taratibu, anakufuata popote kama kondoo.

Huu ndio ulikuwa mwaka wangu. Miaka ya nyuma mayai yote yaliharibika, jirani wakaniita mama wa mayai viza. Safari hii Katibu alifukua kiota mwenyewe, majike wakataga, wakapokezana kulalia. Jike alikaa mchana, kwa kuwa rangi yake ni ya vumbi. Katibu alikaa usiku, weusi wake ukifichwa na giza. Mayai yalipokaribia kuanguliwa nikatega sikio, nikasikia vifaranga wakilia ndani. Na mimi nikalia. Nikamwita Jilala, naye akainama akasikiliza, akasema, "Dada, umeshinda."

Kesho yake nikaitwa msibani Ushetu, shangazi alikuwa amefariki. Nikamwachia Jilala kila kitu, nikaenda na moyo mweupe.

Tulipomaliza kuzika nikarudi. Jilala hayupo, Katibu hayupo. Majike walikuwa wanahangaika mwisho wa uzio, hakuna aliyetaka kusogelea kiota. Mayai yalikuwa ya baridi kama sufuria iliyolala nje.

Jirani yangu Mama Eunice akaja mbio kunipa pole. "Jilala alipita hapa analia, mayu wee! Anasema wezi wamemchukua dume lako."

Nikatazama chini. Hakuna damu, hakuna unyoya, uzio mzima. Mwizi gani huyo wa kumchukua Katibu bila kula teke? Kisha nikatazama msumari wa mlangoni ninapotundika soksi. Soksi haikuwepo. Nikakaa palepale mavumbini.

Nilisikiliza mayai moja moja. Moja tu nililidhani lina sauti, tena hafifu mno. Nikalifunga tumboni kwa kitenge lipate joto langu, nikapanda bodaboda hadi kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Jilala akikosekana nyumbani hakosi huko.

Manyoya meusi yalitapakaa pale chini, nyama iko juu ya moto. Jilala alikuwa amechutama na Masalu, bosi wake wa zamani, wakizungusha karai la maji lenye unga wa mawe.

"Shikamoo, dada," akasema. Nikachungulia ndani ya karai.

"Hakuna kitu," Masalu akaguna. "Tumesaga firigisi nzima. Kizibo cha soda na kipande cha waya, basi."

"Mlikuwa mnatafuta nini kwenye firigisi ya ndege wangu?"

Jilala hakuinua macho. "Zile kokoto sikuzitoa mtoni, dada. Mtoni mbali. Nilikuwa nazoa hapahapa, mawe ya mwamba wenye dhahabu. Nikawaza, kama mawe yanasagika mle ndani, majani yanapita, basi dhahabu ni nzito, itabaki. Si ndivyo inavyobaki kwenye kapeti la mteremkoni tukiosha unga wa mawe?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

Nilitamani kumpiga na lile karai. Nikajizuia kwa sababu ya yai.

"Na Katibu mlimfikishaje hapa?"

"Alikuja mwenyewe," akajibu polepole. "Nilimtoa kwenye mayai, nikamvika soksi. Alinifuata njia nzima. Hakusumbua."

Hapo ndipo niliumia. Wizi ningeumeza. Lakini yule ndege aliyemfukuza kila mtu alimkubali mdogo wangu kwa sababu mimi nilimzoesha, na mdogo wangu aliutumia uaminifu huo kama kamba ya kumvutia machinjioni.

"Nisamehe, dada," akaanza kulia. "Dume mwingine nitakutafutia. Si mayai yapo? Vifaranga si wapo?"

Nikafungua kitenge. Nikachutama mbele yake, nikamwekea yai sikioni, na mkono wangu mwingine nikaushikiza upande wa pili wa kichwa chake.

"Sikiliza."

Akasikiliza. Masalu akaacha kuzungusha karai.

"Sisikii kitu, dada."

"Sikiliza," nikamwambia, na yai sikuliondoa.