Nyayo za Oshino

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mashindano, Oshino aliosha miguu kisimani karibu na hekalu la Ekoin, mjini Edo, Japani, akavaa ndara mpya za majani ya mpunga, akajipanga mlangoni pamoja na wanaume. Alikuwa ametembea siku kumi na mbili kutoka kaskazini ili amwone mwanawe, Torakichi, akipigana mieleka walau mara moja. Kwa miaka minane alizisikia tu habari zake kwa wachuuzi: Iwagamine, ndilo jina lake la ulingoni, kamwangusha huyu, Iwagamine kapanda daraja. Leo akishinda, hakuna daraja litakalobaki juu yake.

Kanbei, bawabu, alimzuia kwa adabu.

"Mama, humu wanawake hawaingii. Ulingo unanajisika."

"Humo yumo mwanangu. Unadhani nani alimfundisha kusukuma?"

"Kwa mabega hayo, mama, nakuamini. Lakini sheria si yangu."

Ilikuwa kweli. Tangu Oshino afiwe na mumewe, yeye na mwanawe walisukumana bega kwa bega katika matope ya mpunga kila jioni, mpaka mtoto alipotimiza miaka kumi na minne na kumrudisha mama yake hatua moja. Wiki ile ile mama akampeleka Edo.

Oshino alizunguka nyuma ya uzio wa mikeka, akavua ndara. Umati ulipolitaja jina la mwanawe, alikita miguu kama shambani.

Ndani, Iwagamine alikuwa amesukumwa hadi ukingoni, kisigino kimegusa marobota ya majani yanayouzunguka ulingo. Hapo zikaingia kwenye udongo, katikati ya visigino vyake, nyayo mbili za mwanamke, peku, kidole kidogo kimepinda. Zikazama. Iwagamine akaacha kurudi nyuma. Nyayo zikapiga hatua, naye akapiga hatua, hadi lile pande la mtu lililomsukuma kutoka upande wa magharibi wa ulingo likaangukia watazamaji wa mbele na kuwamwagia pombe yao ya sake.

Waamuzi wanne walishauriana. Nyayo ni za nani hawakuulizana, maana zilionekana. Waliulizana kama zilivuka marobota, kwani anayekanyaga nje hushindwa. Hazikuvuka, basi ushindi ukathibitishwa. Kisha udongo wote ukachimbuliwa, ukatupwa mtoni, na ulingo ukatakaswa kwa chumvi.

Iwagamine alitoka nywele zimefumuka, akampigia mama yake magoti mbele ya watu.

"Mama, mguu wa kushoto ulichelewa."

"Nawe uliniegemea mno, mvivu wee."

Akamshika mashavu. Fahari ilimjaa mpaka akashindwa kula siku hiyo. Lakini kumwona mwanawe akipigana, hakumwona.

Majira ya kuchipua alirudi. Kwenye ubao wa mlangoni palikuwa na maandishi mapya, na kwa kuwa hakujua kusoma alimwomba Kanbei amsomee.

"Wanawake hawaruhusiwi kuingia," Kanbei akasoma, "wala nyayo zao."

Oshino akajinyoosha, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwani.

"Nisomee tena, mwanangu. Polepole."