Wembe wa Kinyozi wa Kabambare

Roger alifika kwa Élysée, mchonga mipini wa Kasongo, akiwa bado na vumbi la barabara ya Salamabila kwenye nyusi. Alizima pikipiki, akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya meza ya kazi. Ndani mlikuwa na wembe wa kukunja, wa zamani, ulioliwa na kutu mpaka ukawa rangi ya udongo. Mpini wake ulikuwa umebaki na kibao kimoja cha mti, nacho kilikuwa kimegandwa na uchafu mweusi kama lami.

"Yaya, iko wembe ya papa," alisema, akimwita kwa heshima kama kaka mkubwa. "Alikufa kiangazi hiki. Tukiondoa kilio, tukimaliza matanga, nataka wanyoe kichwa yangu na hii. Watu wanasema weye unajua kuchonga."

"Najua mipini ya majembe na mapanga. Wembe, hapana."

"Jaribu tu, yaya. Papa hakuniachia kitu kingine."

Alikuwa kijana wa adabu, na uchungu wake haukuwa wa kuigiza. Élysée alimhurumia. Tena baba yake Élysée mwenyewe, Jean-Pierre, alikuwa kinyozi wa soko la Kabambare, na huenda ndiyo sababu hakuweza kukataa. Akamwambia aendelee na safari yake, arudi kuuchukua akimaliza.

Mambo ya Jean-Pierre hayakuzungumzwa sana nyumbani mwao. Wakati wa vita, siku moja ya soko, watu wenye bunduki waliingia Kabambare, wakabeba chumvi, nguo, mbuzi, kisha wakakamata wanaume wa kubeba mizigo hiyo. Jean-Pierre aliondoka na gunia la chumvi kichwani na mfuko wake wa kazi begani. Hakurudi. Mkewe, Anastasie, alikimbilia Kasongo na watoto. Hakulia kilio, wala hakukalia matanga, kwa sababu hakuna aliyemletea neno. Wanaume wawili walimtaka ndoa, akawajibu kwamba ana mume. Sasa alikuwa mzee, na bado akiulizwa alisema, "Mume wangu iko safari."

Élysée alianza na kutu. Aliupaka wembe mafuta ya mawese, akausugua na majivu, taratibu, siku baada ya siku, mpaka chuma kikaanza kung'aa kwa mabaka. Makali yalikuwa na mapengo. Aliyaondoa kwa jiwe laini la mtoni, akilowesha na kusukuma, akilowesha na kusukuma, kisha akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi kama alivyokuwa akimwona baba yake akifanya. Alishangaa kwamba mikono yake ilikumbuka.

Kwa mpini alichagua mukula, mti mwekundu usiopasuka ovyo. Alichonga vibao viwili vyembamba, akavipiga msasa na kuvilainisha kwa mafuta mpaka rangi yake ikaiva. Vilikuwa vizuri. Hakuwa amewahi kuchonga kitu kizuri namna ile. Ikabaki kutoboa matundu ya misumari, na ili apate mahali penyewe, alichukua kile kibao cha zamani akakiosha kwa petroli.

Uchafu ulipotoka, aliona kwamba mwisho wa kibao hauna tundu moja tu. Yalikuwa mawili, yamekaribiana, na moja lilikuwa limezibwa kwa ulimbo.

Élysée alikigeuza kwenye mwanga.

Akiwa mtoto, yeye ndiye aliyekishika kibao hicho kwa koleo siku baba yake alipokitoboa kwa msumari wa moto. Moshi ulimwingia machoni, akatikisika, msumari ukaenda upande. Alingoja kofi. Baba yake alicheka tu, akasema, "Sasa hata mwizi hawezi kuniibia, nitaujua." Akaziba lile tundu kwa ulimbo wa mti.

Alikipeleka kibao uani, ambako mama yake alikuwa akichekecha unga wa muhogo. Anastasie alikipokea na vidole vyeupe kwa unga. Alipapasa yale matundu kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Nani ameleta?"

"Kijana wa Salamabila. Anasema iko ya papa yake."

Mama alimrudishia kibao, akaendelea kuchekecha. Unga ulikuwa ukimwagika nje ya ungo, naye haoni.

Roger aliporudi, Élysée alimpa kiti. Wembe ulikuwa mezani, umekamilika, vibao vyekundu vimefunga sawasawa. Kijana aliufungua, akaukunja, akaufungua tena, machozi yakamlengalenga.

"Yaya, aksanti mingi."

"Mimi niko na la kuuliza. Papa yako aliutoa wapi?"

Roger hakuona mtego wowote. Alieleza kama mtu anayeeleza hadithi ya nyumbani, iliyosimuliwa mara nyingi mpaka ikawa laini. Baba yake alikuwa askari wa kundi fulani wakati wa vita. Njiani walikuwa na mpagazi mmoja, kinyozi, mutu wa mchezo. Kila asubuhi, kabla ya kubebeshwa mzigo, aliwanyoa wote ndevu, akiwachekesha. "Papa alikuwa anamupenda sana," Roger alisema. "Alikuwa anatuelezaka vile ule kinyozi alikuwa anaigiza sauti ya komanda. Tulikuwa tunacheka mpaka kulala chini."

"Na mwisho wake?"

"Walipofika mto Luama, miguu yake ilikuwa imevimba. Hakuweza kuvuka. Basi papa akachukua wembe, ikakuwa ukumbusho."

"Walimuacha muzima?"

"Papa hakusemaka."

"Weye hukuulizaka?"

Roger alitazama uso wa Élysée vizuri, kwa mara ya kwanza. Akatazama mlango wa uani, alikokuwa amesimama mwanamke mzee. Maana ya jambo lile ilimwingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi uliotoboka.

"Ule kinyozi iko papa yako," alisema.

"Aliitwa Jean-Pierre," Anastasie alisema kutoka mlangoni. "Iyo sauti ya komanda alikuwa anaigiza, ilikuwa namna gani?"

Kijana alipiga magoti. Alisukuma wembe mbele yake. "Mama, chukua. Siwezi kwenda nao. Nisamehe, mama, sikujua."

Élysée alinyoosha mkono. Aliutaka wembe ule kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lakini mama yake alimtangulia, akauchukua, akauangalia pande zote mbili, akauweka tena mikononi mwa Roger.

"Hii mpini mupya, siijui," alisema. "Na hii chuma imelala nyumba ya papa yako miaka yote hii, akicheka na watoto wake. Sitalala nayo nyumba moja. Ulikuja kuchukua wembe ya papa yako. Chukua, uende."

"Mama, iko ya kwetu!" Élysée alipaza sauti.

"Ya kwetu iliishia Luama."

Roger aliondoka akiisukuma pikipiki, hakuiwasha mpaka alipofika mbali. Élysée alitupa mkanda wa ngozi kwenye moto. Hakumsemesha mama yake siku nzima, na alipomsemesha, ilikuwa kumwambia kwamba amempa adui wembe wa baba, wakabaki na kile kibao tu. Mama alikuwa amekwisha kufungua kilemba chake na kutandika mkeka wa kilio mbele ya nyumba.

Kesho yake asubuhi alianza kulia. Alilia kwa sauti, kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, akimwita mumewe kwa majina ambayo watoto wake hawakuwahi kuyasikia. Majirani walikuja mbio, wanawake wameshika viuno, wakiuliza nani amekufa.

"Mume wangu."

"Lini, mama?"

Élysée akawaeleza. Waliposikia kwamba ni kifo cha wakati wa vita, walitazamana. Baadhi yao walikaa kidogo kwa heshima. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba uzee umemwingia kichwani. Kabla jua halijawa kali, wote walikuwa wameaga, maana ulikuwa msimu wa kupanda mpunga na kila mtu ana shamba lake.

Élysée alibaki peke yake na mama yake. Hakuwa amemsamehe. Alivua viatu, akakaa pembeni mwa mkeka.