Sikukwambia Usahihishe

Grupu la simuni lilikuwa na wanawake thelathini na mmoja, wote waliomaliza kidato cha nne darasa moja hapo Chake Chake. Msimamizi wake alikuwa Mardhiya wa Tibirinzi, mwenye kiduka cha fotokopi. Usimamizi hakuuomba. Alikabidhiwa kwa kuwa ni mtu asiyegombana na mtu, na yeye mwenyewe aliamini hivyo.

Mwaka wa uchaguzi ukafika. Asubuhi moja Zulekha, ambaye mumewe ni mkubwa katika idara moja ya serikali, alituma picha yake amejifunga kanga ya chama mkutanoni. Time akamjibu kutoka Makangale, anakolima na kusomesha Kurani chuoni: "Kanga ya bure haisitiri, shoga."

Wawili hao walikaa dawati moja miaka minne. Labda ndiyo maana walijua pa kupigana. Zulekha akaandika kwamba kijicho hakina dawa. Time akaandika kwamba wako wanaokula na wako wanaotazama. Wakajitosa wengine, wa huku na wa kule, mpaka Zulekha akaandika: "Mguu wa kakako aliutafuta mwenyewe."

Hakuna asiyejua habari za Rajab, kaka yake Time, aliyeumizwa katika vurugu za uchaguzi wa zamani na mpaka leo anachechemea. Grupu likaripuka.

Wakati huo Mardhiya alikuwa anamtolea nakala mzee mmoja, na simu ikitetemeka juu ya mashine bila kupumzika. Akaikumbuka miaka ile ya utotoni mwake, watu waliposusiana kwa siasa hadi maziko, babake akarudi kutoka kumzika jirani na bega limechubuka kwa kukosa wa kumpokea jeneza. Alimpa mzee karatasi zake. Akaingia kwenye mipangilio ya grupu, akaweka kwamba msimamizi peke yake ndiye awezaye kuandika. Simu ikatulia. Alingoja aone uchungu, au walau nafuu. Hakuona kitu.

Tangu hapo mwenye lake akawa anamletea yeye, naye akilibandika. Harusi ya binti wa Asya. Mama mkwe wa Mwatum kalazwa, ombeni dua. Mardhiya alisoma, akakagua kama hamna siasa ndani, akabandika. Harusi na maradhi vikampitia mkononi kwa uzito mmoja, kama karatasi za wateja.

"Siku hizi hucheki na simu yako," mumewe Jecha alimwambia wakila chakula cha mchana.

"Sina la kucheka."

"Na la kulia?"

"Nalo sina. Ongeza mchuzi."

Wiki ya tatu Time akamletea sauti. Mardhiya aliisikiliza amesimama, kidole kikiziba sikio la pili kwa kelele za bodaboda.

"Asalaam alaykum Zulekha, mie Time. Kanga yako niliisema vibaya mbele za watu, na haki hiyo sikuwa nayo. Doti ngapi umenivisha weye tangu tu wasichana? Nisamehe. Ila la kakangu bado liko kifuani, sikufichi. Na kura yangu ntaipiga nipendako, nawe yako piga upendako. Wasalimie watoto." Chini yake Time aliandika: *Iweke grupuni. Nilimtukana mbele yao, wanisikie wao.*

Mardhiya aliisikiliza tena. Mwanzo wake ulikuwa mzuri. Mwisho wake ulikuwa na kura, ulikuwa na kaka. Akampigia.

"Time, huwezi kuirikodi upya? Iishie pale kwenye nisamehe."

"Kwa nini?"

"Yale ya mwisho yatawasha moto upya."

"Mardhiya, nilikwambia upeleke. Sikukwambia usahihishe."

"Nakuambia kwa wema tu."

"Basi iache," Time akasema, akakata.

Akaiacha. Haikuwa kazi ngumu, aliacha mambo mengi siku zile.

Uchaguzi ukapita. Mwezi uliofuata Zulekha akaingia dukani na bahasha ya vyeti vya watoto. Mumewe kahamishiwa Unguja, na shule mpya inataka nakala. Walisalimiana vizuri, wakaulizana hali na za nyumbani. Mashine ikawa inatema karatasi moja moja. Zulekha alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Kisha, bila kumtazama, akauliza:

"Time hajasema neno?"

Simu ilikuwa mezani, baina yao. Kumweleza kungetaka maneno mengi.

"Hajasema," akajibu.

"Haya." Zulekha akachukua bahasha yake. "Nilifikiri labda angesema."

Siku nne baadaye, Zulekha ameshavuka kwenda Unguja, Mardhiya alimtumia ile sauti yote kama ilivyo, na chini yake akaandika tarehe aliyoletewa na sababu ya kuizuia. Alama mbili zikageuka buluu. Jibu lilikuja baada ya Alasiri: *Siku ile dukani nilikuuliza.*

Akampigia Time akamweleza na yeye. Hakuruka chochote, hata lile neno la "hajasema". Upande wa pili alisikia ufagio ukifagia ua, kisha ukasimama.

"Nishakusikia," Time akasema. Ufagio ukaendelea, mpaka Mardhiya akakata simu mwenyewe.

Kama wale wawili walizungumza baada ya hapo, yeye hakuambiwa. Alifungua grupu siku hiyo hiyo, kila mtu awe na ruhusa ya kuandika, akaandika kwamba kosa lilikuwa lake na amelitambua. Thelathini waliona. Hakujibu hata mmoja. Siku ya tatu Konsolata, aliyesoma nao babake alipokuwa askari aliyeletwa kutoka bara, akauliza nani anamjua fundi wa friji asiyebabaisha, lake linavuja maji.

Yakaja majibu saba. Mafundi wawili wakasifiwa, mmoja akapondwa, na watu wakacheka kwa vikatuni. Time alimtaja fundi wa Konde. Zulekha hakuandika kitu, lakini alikuwa bado yumo.

Mardhiya aliyasoma yote. Akaweka simu kifudifudi, akamwita mteja aliyefuata.